Nilivyoanza kusaga visiki Arusha, na fundi aliyetaka kunichongea meno

Kila niliyemwambia nataka mashine ya kusaga visiki alinishauri kitu kimoja: chukua kubwa. Kubwa niipitishe wapi? Vigeti vya uani vya watu hapa mjini ni vya mtu na toroli. Nikachukua ya petroli, hospawa 15, ya kusukuma kwa mkono, inapanda kwenye kirikuu kwa mbao mbili. Milioni nne na ushee, usafiri ndani. Injini haijawahi kuninyima usingizi. Hela inaliwa na meno ya gurudumu linalosaga.

Ncha zake ni kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida. Yalipoanza kuwa butu, jirani yangu fundi wa kuchomelea mageti akanicheka: "Kaka, jino la chuma tu linakushinda? Lete hapa." Nikamwambia haliwezi kuchongwa hivyo. Akang'ang'ania. Basi nikavuta kreti la soda nikakaa nitazame. Akawasha grainda na diski yake ya kila siku. Cheche kama fataki, ila zote za diski yenyewe na shina la jino. Diski ikaliwa, akafunga nyingine. Wateja wake wakaanza kusogea. Akaligeuza jino, akalipuliza, akaligeuza tena. "Hivi hili wametengenezea nini?" Hapo ndipo nikatoa diski ya almasi mfukoni. Nilikuwa nayo muda wote. Akanidai hela ya diski zake, nikamnunulia soda.

Adui wa meno ni seng'enge. Mti wa uzio hukua ukameza waya na misumari, nje huoni kitu. Nilichomoa sumaku kwenye spika mbovu, nikaifunga kwenye mpini wa ufagio, naiburuta juu ya kisiki kizima. Ikinata tu, natangulia na patasi. Misumari iliyozama sana sumaku haiipati, kwa hiyo namuuliza bibi mwenye kiwanja uzio wa zamani ulipita wapi, na bomba la maji je, na waya wa umeme. Mawe nayatoa kwa sururu kabla ya kuwasha.

Asubuhi naanza na spana, maana mtikisiko hulegeza boliti. Gresi kwenye beringi, kichujio cha hewa kisafishwe, vumbi la kazi hii halina huruma. Oili ya kwanza mwaga baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Mkanda mpya hulegea mapema, ukaze tena. Waya wa plagi uchomoe kabla hujagusa meno; hilo sibishani na mtu. Na usilazimishe: kata tabaka jembamba, kushoto kulia, toka juu. Wanaokandamiza ndio wanaounguza klachi halafu wanalaumu Mchina.

Bei napima upana wa kisiki pale kwenye udongo, na mizizi iliyotokeza, siyo kule juu anakoonyesha mteja. Rundo la machicha ya mti uliosagwa hushinda kisiki chenyewe kwa ukubwa, na kulizoa ni hela nyingine. Hiyo taja kabla ya kuvuta kamba ya injini.