Kumbukumbu ya mradi wangu: keki ya matunda ya tabaka kwa Sikukuu

Shaaban

Lengo la mradi huu ni keki ya matunda ya tabaka mbili itakayokatwa Idi Mosi na kubaki laini na yenye unyevu mpaka Idi Nne bila kutiwa frijini, kwani kwetu Unguja wageni hawaji wote siku moja, na friji siku hizo hujaa nyama na sharubati. Krimu ya siagi nimeiondoa katika hesabu tangu mwanzo: siagi huyeyuka joto likikaribia nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na mchana wetu wa kiangazi hufika huko bila taabu. Unyevu, basi, utoke kwenye matunda yenyewe na kwenye shira.

Katikati ya Ramadhani

Kazi kubwa imekuwa nanasi la kuweka kati ya tabaka. Nalimenya, naliondoa macho yote, nalikata vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha nalipika kwa sukari, kijiti cha mdalasini na maji ya ndimu juu ya moto mdogo. Mwanzo sufuria hujaa maji na povu. Baadaye maji hukauka, rangi hukoza, na mwiko ukipitishwa chini ya sufuria huacha njia inayokawia kuziba. Hapo ndipo pa kuipua. Wifi yangu alipendekeza kastadi pamoja na nanasi bichi, ambalo kwa kweli lina harufu nzuri zaidi, lakini nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunja protini na kuifanya kastadi iwe majimaji, na hata bila hilo kastadi ya mayai haivumilii joto la ukumbini. Nanasi lililopikwa halina tatizo hilo, kwa sababu moto hukiua kimeng'enya hicho.

Zabibu kavu na tende zilizokatwakatwa nazilaza usiku kucha katika maji ya machungwa yaliyochemshwa. Zikiingia kavu huvuta maji ya keki yenyewe, na hapo ndipo keki nyingi za matunda zinapoharibikia, ingawa lawama hutupiwa oveni.

Kumi la mwisho

Kipimo nilichotulia nacho ni siagi gramu 250, sukari gramu 200, mayai manne, unga wa ngano gramu 300 na matunda yaliyochujwa gramu 250, pamoja na iliki na kungumanga iliyoparwa papo hapo. Sukari nimeipunguza makusudi kwa sababu tende na shira zina utamu wa kutosha. Karafuu, pamoja na fahari yote tuliyo nayo juu yake, naiweka kwenye shira tu, chembe mbili tatu nzima, maana ikisagwa ndani ya unga hufunika kila harufu nyingine.

Naoka kwa nyuzi 160, moto wa taratibu, ili katikati paive kabla ya juu kukauka. Keki ikiwa bado vuguvugu naitoboa kwa kijiti na kuimwagia shira kijiko kwa kijiko, nikingoja kila kijiko kinywewe. Kuikata tabaka nangoja mpaka kesho yake, kwani keki ya moto hubomoka chini ya kisu. Mama alipoonja baada ya futari kipande kilicholala siku mbili alisema, "Hii ikilala ndiyo inazidi, mwanangu," na kwangu hukumu hiyo ina uzito kuliko kipimajoto chochote.

Kilichobaki ni kupanga siku. Nitaoka mfungo 27, ili mwezi ukiandama jioni ya 29 keki iwe imeshakunywa shira yake, na ukitimia 30 ipate siku moja zaidi. Nanasi nitalinunua Darajani mapema kidogo, kabla ya msongamano wa manunuzi ya mwisho, nalo nitalipika siku hiyo hiyo.