Vinasaba Vyangu Vibaki Kwenye Rejesta

Leo nimemaliza siku ya tatu ya kufungasha ofisi yangu katika maabara ya vinasaba. Vitabu havikunisumbua, kwa kuwa vingi nilikwisha kuvigawa kwa wanafunzi, lakini nilipovuta droo ya chini ya kabati la chuma nilikuta bahasha kubwa ya kaki ambayo sikuwa nimeigusa tangu miaka ya tisini, na ndani yake filamu sita za eksirei zenye mistari myeusi iliyopangana kama vidato vya mkwezi kwenye shina la mnazi. Nilizishika mbele ya dirisha, jua la alasiri likapenya, na kwa muda nikasahau maboksi.

Kijana atakayerithi ofisi hii, ambaye nilimfundisha tangu mwaka wake wa kwanza, aliingia wakati huo huo, akaniamkia, kisha akauliza: "Mwalimu, hii ni mifupa ya nani?" Sikumlaumu. Yeye amekulia katika sayansi jinai ya vilele vya rangi kwenye skrini, ile michoro ambayo kila kilele chake ni kipande cha DNA. Nilimweleza kwamba kila mstari ni kipande cha DNA kilichokatwa kwa kimeng'enya, kikasukumwa na umeme ndani ya jeli, kikahamishiwa kwenye utando na kutiwa alama ya fosforasi yenye mnururisho, na kwamba baada ya hapo tuliweka filamu juu ya utando, tukaifungia gizani ndani ya friza na kusubiri siku kadhaa, pengine wiki nzima na zaidi, bila kujua kama tutapata picha au ukungu mtupu. Doa la damu lilipaswa kuwa na ukubwa wa sarafu hivi. Yeye leo hutosheka na seli chache, na seli moja ina takriban pikogramu 6 za DNA: igawe gramu moja mafungu trilioni, kisha chukua mafungu 6.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilipokutana na makala ya Alec Jeffreys na wenzake, iliyotoka katika jarida la Nature mwezi Machi 1985. Jeffreys alikuwa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 10 Septemba 1984 aliitoa filamu yake kwenye dawa akaiona familia ya fundi wake wa maabara ikiwa imejiandika kwa mistari, kila mmoja na mpangilio wake, na kila mstari wa mtoto ukiwa na asili yake kwa baba au kwa mama. Ukweli ni kwamba jinai sikuifikiria kabisa. Kilichonishika ni kesi ya kwanza iliyotumia ugunduzi huo, mwaka 1985, iliyomhusu mvulana wa familia ya Kighana ambaye maofisa wa uhamiaji wa Uingereza hawakusadiki kwamba mwanamke anayemdai ni mama yake mzazi. Filamu ilithibitisha kwamba ni mwanawe, naye akabaki na mama yake. Niliisoma habari hiyo nikiwa nimeketi juu ya ngazi za maktaba, na nadhani nilipoinuka nilikuwa nimekwisha kuchagua kazi.

Kuhusu kesi ya pili, ile ya mauaji ya wasichana wawili katika vijiji vya Leicestershire mwaka 1983 na 1986, kila mwaka nimewakuta wanafunzi wakiijua nusu tu. Wanajua kwamba DNA ilimtia muuaji hatiani Januari 1988. Hawajui kwamba mtu wa kwanza kuguswa na kipimo hicho alikuwa kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri mbele ya polisi kwamba aliua, na kwamba kipimo kilionyesha muuaji wa wasichana wote wawili ni mtu mmoja, naye si kijana huyo. Hawajui pia kwamba polisi walichukua sampuli za wanaume zaidi ya 5,000 na wasimpate mhusika, kwa sababu alikuwa mwoka mikate aliyemshawishi mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Alikamatwa baada ya huyo mwenzake kuropoka baa. Huwa nawauliza darasani: nani basi alimkamata muuaji, maabara au mdomo wa mlevi? Wanacheka, lakini swali langu si la mzaha. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, na damu iliyokuwa ndani ya kichupa haikuwa ya mtu aliyeandikwa kwenye karatasi.

Nilirudi nyumbani Tanzania na shahada yangu katikati ya miaka ya tisini nikiwa na imani kubwa mno na mashine. Imani hiyo haikumalizwa na mgao wa umeme, ingawa mgao ulinifundisha kulala karibu na friza. Ilimalizwa na mifuko ya rambo. Nguo zenye damu zilikuwa zikiletwa zimefungwa ndani ya plastiki, mbichi, zikiwa zimesafiri siku mbili kwenye basi, na kwa joto la ukanda huu wa pwani mfuko ulipofunguliwa ulichotangulia kukiona ni kuvu. Bakteria na unyevu huikata DNA vipandevipande hata kusibaki kipande cha kutosha kusomeka. Kwa miaka mingi nilizunguka mikoani nikirudia jambo moja ambalo halihitaji shahada: ianike nguo kivulini ikauke, itie kwenye bahasha ya karatasi, andika nani ameipokea, kwa nani, saa ngapi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Juni 2019 watu wa mazingira walishangilia kwa sababu zao. Mimi nilikuwa na yangu.

Mara ya kwanza kupanda kizimbani kama shahidi mtaalamu nilikuwa nimejiandaa kwa juma zima kueleza PCR, njia ya kunakili DNA kidogo hadi iwe nyingi ya kutosha kusomeka. Hakuna aliyeniuliza habari za PCR. Hakimu alinisikiliza kwa subira, akaweka kalamu chini, akasema: "Mtaalamu, nataka jibu fupi. Ni yeye au si yeye?" Nilijikuta nataka sana kumpa jibu hilo. Mshtakiwa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, ndugu wa marehemu wamejaa nyuma, na vilele vyote vilikuwa vimelingana. Nikasema, kwa sauti iliyonitetemeka, kwamba matokeo yale yana uwezekano mkubwa mno zaidi wa kuonekana iwapo doa limetoka kwa mshtakiwa kuliko iwapo limetoka kwa mtu mwingine asiye ndugu yake. Hakimu akaandika. Wakili wa serikali akasimama na kulifupisha: "Kwa hiyo uwezekano kwamba hahusiki haupo kabisa." Hapo nikasema hapana, sivyo nilivyosema, na pakazuka mabishano yaliyochukua saa nzima.

Tangu siku hiyo nimetumia mfano wa kanzu. Ukiniambia mtu ni imamu, nitakubali bila shida kwamba huenda siku ya Ijumaa amevaa kanzu. Ukiniambia tu kwamba mtu amevaa kanzu, siwezi kukuambia kwamba huenda ni imamu. Uwezekano wa mtu asiyehusika kuwa na vinasaba kama hivi ni swali moja. Uwezekano wa mwenye vinasaba hivi kuwa hahusiki ni swali jingine, na jibu lake linahitaji mambo ambayo hayamo maabarani: nani mwingine angeweza kufika pale, mshtakiwa alikuwa na sababu gani ya kuacha jasho lake mlangoni, doa ni la lini. Hayo ni ya mahakama. Nimewaona wataalamu wazuri kuliko mimi wakivuka mpaka huo kwa sababu tu ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu aliwatazama wao.

Kutokana na ubishi ule ndipo nilipopata utafiti ulionishughulisha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Wakili wa utetezi aliuliza swali moja tu la maana siku ile: hiyo namba ya uwezekano umeipata kwa kuwahesabu watu gani? Nilikuwa nimetumia jedwali la Wazungu, linaloonyesha kila aina ya vinasaba hupatikana mara ngapi kwao, kwa kuwa ndilo lililokuja na vifaa. Siku hizi tunasoma maeneo ambayo herufi chache za DNA zinajirudia, na tunahesabu zimejirudia mara ngapi; Uingereza ilipoanzisha hifadhidata yake ya taifa ya DNA mwaka 1995 ilianza na maeneo 6 na alama ya jinsia, na Marekani, iliyokuwa na 13, ilifikia 20 mwaka 2017. Mojawapo ya maeneo hayo huitwa TH01, katika kromosomu ya 11. Kwa Wazungu, aina inayopewa namba 9.3, yaani marudio 9 kamili na herufi 3 za ziada, ni ya kawaida sana, na kwetu ni chache. Aina ya 7 kwetu ni ya kawaida takriban mara mbili ya ilivyo kwao. Kwa hiyo ukimpima mtu wa huku mwenye 7 kwa jedwali la kule, utasema ana kitu adimu ilhali kila nyumba ya jirani inacho. Ukizidisha kosa hilo kwa maeneo kadhaa, mizani inamlemea mshtakiwa bila mtu yeyote kudanganya.

Na hata kusema "jedwali la Waafrika" hakutoshi. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Sarah Tishkoff mwaka 2009, uliohusisha makundi 121 ya Kiafrika, ulionyesha kwamba tofauti za vinasaba ndani ya Afrika ni nyingi kuliko popote duniani, na Tanzania ina wasemaji wa Kibantu, wa Kinailoti, wa Kikushi, na wa lugha za vidoko, zile zenye sauti za kugonga ulimi, kama Wahadzabe na Wasandawe, wote ndani ya mipaka ya nchi moja. Nilitembea na vichupa vyangu na fomu za ridhaa kwa miaka. Mzee mmoja wa Dodoma alinisikiliza nikieleza, akatoa mate yake, kisha akauliza kama siku moja mate hayo yataweza kumfunga mwanawe. Nilimjibu kwamba jina lake halitaandikwa popote, jambo ambalo lilikuwa kweli. Usiku nilitambua kwamba hilo silo aliloniuliza.

Sasa jambo ambalo nimelizungukia tangu nilipoanza kuandika. Katika kila mzunguko wa vipimo tunaweka kichupa cha maji matupu na kukipitisha hatua zote, kama shahidi wa usafi wetu. Asubuhi moja maji yale yalionyesha vilele. Niliyasoma mara tatu kabla ya kukubali nilichokiona: yalikuwa maeneo yangu mimi, moja baada ya jingine. Nilikuwa na kikohozi siku iliyotangulia, na nilishusha barakoa nipokee simu. Sampuli za majalada matano zilikuwa katika mzunguko ule. Matatu tuliyarudia. Mawili hayakuwa na kitu cha kurudia, kwa sababu doa lilikuwa dogo na tulikwisha kulitumia lote, na ripoti zake niliziandika kwa mkono wangu: hakuna matokeo ya kutolea maoni. Jalada moja lilikuwa la mtoto.

Miaka michache baadaye, Machi 2009, ilitangazwa Ujerumani kwamba mwanamke asiyejulikana aliyesakwa kwa miaka mingi, ambaye DNA yake ilionekana katika matukio takriban 40 kuanzia Austria hadi Ufaransa, likiwamo la polisi aliyeuawa Heilbronn mwaka 2007, hakuwa mhalifu hata kidogo. Alikuwa mfanyakazi aliyeshughulikia zile pamba za kuchukulia sampuli. Zilikuwa zimeuawa vijidudu, lakini kuua kijidudu si kuondoa DNA. Wenzangu waliisimulia habari hiyo kama kichekesho. Mimi niliona kwamba yule mama nilikuwa nikimfahamu.

Baada ya kosa langu tulianzisha rejesta ya vinasaba vya kila anayeingia maabara, kuanzia mkuu hadi mfagizi, ili kila kilele cha ajabu kilinganishwe kwanza na sisi wenyewe.

Watu wanaonijua mtaani hawaniulizi hata moja kati ya haya. Huniuliza juu ya watoto wao. Sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu iliweka utaratibu wa maombi ya vipimo, lakini haikuondoa wanaume wanaonivuta pembeni msibani. Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu, na kadiri nilivyozeeka ndivyo nilivyoona kwamba usemi ule ulitungwa na watu walioelewa vizuri sana uwezekano wa jibu jingine, wakaamua kwa makusudi kumlinda mtoto. Simpingi baba anayekwenda mahakamani. Namuuliza tu kama amekwisha kuamua atafanya nini siku jibu likitoka, na wengi huwa hawajaamua.

Kazi ambayo ningependa kuwa na miaka zaidi ya kuifanya ni ile ya kuwarudishia watu maiti wao. Miili ya Shakahola, msitu wa Kaunti ya Kilifi nchini Kenya ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, ilianza kufukuliwa Aprili 2023 na ilizidi 400; familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Jino au mfupa wa paja hutunza DNA wakati nyama imekwisha, lakini lazima awepo ndugu aliye hai wa kulinganisha naye, na pale ambapo mama na watoto wake wote walizikwa msitu mmoja, vitendanishi vya maabara havina la kufanya.

Jioni kijana alinisaidia kupakia maboksi kwenye gari, kisha akasimama na daftari lake. Alikuwa na orodha ya kukabidhiana: funguo, kadi ya mlango, nywila, na mwisho kabisa aliuliza kama anifute kwenye rejesta ya watumishi, kwa kuwa nitakuwa si mtumishi tena. Nilimwambia asinifute. Katika zile friza kuna sampuli nilizozishika tangu kabla hajaanza shule ya msingi, na iko siku atafungua moja.