Ile Barabara ya Jinja

Jana jioni mke wa jirani alikuwa anapika matoke yao ya Kiganda, yale ya kufungwa kwenye majani ya mgomba na kuachwa yaive kwa mvuke. Harufu ikaruka ukuta ikanikuta kibarazani. Chai ikapoa mkononi. Harufu hiyo huwa inanirudisha vitani.

Aprili 1979, vita yetu Watanzania na Idi Amin wa Uganda. Entebbe imeshaanguka tarehe 7, sisi tumelala shambani mwa watu, masika inatunyeshea, Kampala iko mbele pale. Kyaka, Masaka, Lukaya ambako wenzetu walitawanywa jioni na alfajiri kibao kikageuka, hayo nimeshayasimulia, sirudii.

Wenyeji walituletea matoke kwenye kapu, bado ya moto. Kapteni alikuwa amechuchumaa mbele ya ramani aliyoitandika juu ya sanduku la risasi, imefunikwa nailoni, anachora kwa penseli nyekundu ya nta. Barabara ya Masaka alishaitia mstari, ya Entebbe, ya Bombo. Mstari wa nne ulikuwa mfupi na mnene, umeikata barabara ya Jinja, na alikuwa ameurudia mara mbili. Akawa anatufundisha bila kuulizwa: panya akiwa ndani ya debe, unaanza kwa kuziba mdomo wa debe.

Amri ikaingia redioni. Niliyeinakili ni mimi, kwenye daftari lililolowa. Barabara ya mashariki, hiyohiyo ya Jinja, iachwe wazi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wapate pa kutokea. Nikaomba irudiwe. Ikarudiwa vilevile. Nikampelekea.

Hakusema kitu. Alilamba kidole gumba, akakiweka juu ya ule mstari, akaanza kusugua. Nta haitoki kwa mate. Ilitambaa tu, ikawa doa. Akasugua kwa ukucha. Nailoni ikalia. Tumesimama na matoke mikononi, hakuna anayetafuna. Mwishowe barabara ikaonekana tena, nyembamba, na pembeni yake wekundu uliogoma kutoka.

"Wazee wa Ikulu wanapigana na mabalozi," akasema. "Sisi tunapigana na watu." Halafu: "Kijana, jibu kwamba imepokelewa." Akachukua tonge kwa mkono uleule na kula.

Nilikuwa upande wake, sifichi. Mwalimu Nyerere alikuwa na mizani nyingine: Gaddafi wa Libya ameleta askari wake kumwokoa nduli Amin, na hao wakifungiwa mjini na kuuawa hadharani, ugomvi unavuka mipaka ya Uganda. Na kabla ya hapo ilikuwa Masaka. Tuliyoyafanya kule, tukilipiza waliyotufanyia askari wa Amin Kagera, yalimkera, akakataza yasirudiwe. Wakati ule nilinung'unika, kwa sauti ya chini maana sikuwa na cheo, kwamba anatufunga mikono. Mikono yenyewe ndiyo iliyotega baruti kwenye nyumba za watu.

Basi, Walibya walitoka. Kampala tukaiingia tarehe 11, bila ile vita ya mtaa kwa mtaa tuliyokuwa tunaiogopa. Jinja tarehe 22. Ikaendelea mpaka mwanzoni mwa Juni, mpakani mwa Sudan. Mwezi Mei, karibu na maporomoko ya Karuma, akafa yule mwenzangu wa Tabora, yule aliyependa kupiga mluzi.

Kuna usiku huwa namtafuta aliyempiga. Alipita kwenye upenyo ule niliouandika kwa mkono wangu? Au alikuwa kaskazini tangu mwanzo, wala ramani ya kapteni haimhusu? Usiku mwingine nahesabu waliobaki hai kwa sababu mji haukuzingirwa. Hesabu hiyo ni ngumu zaidi, maana asiyekufa haachi kaburi la kuhesabia, na huenda mmoja wao ni mimi.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta kapteni kwenye foleni ya pensheni, ameshika fimbo, kofia imemzidi kichwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba."

Nikajitaja, akanikumbuka, tena akanikumbusha jina la utani nililokuwa nimelisahau. Tukaenda mdogo mdogo na foleni. Tulipokaribia dirisha ndipo nikathubutu kumuuliza kuhusu ile barabara, kama bado anaona tungeifunga.

"Barabara gani?"

Akanitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama na mimi magoti huniuma mvua zikianza.