Kipande cha Mpingo Kilichokataa Kuelea

Juzi nilipita Mwenge, Dar es Salaam, kwa wachongaji wa vinyago, na mmoja wao, katikati ya mazungumzo yaliyoanza kwa salamu na kuishia kwenye bei, akaniwekea kiganjani kipande cha mpingo ambacho hakijaguswa na tezo. Kilikuwa kidogo, lakini mkono wangu ulishuka. Uzito ule usiolingana na umbo ndio ulionirudisha Lindi, kwenye darasa la kidato cha kwanza nililokuwa nikilifundisha, siku ile ya chumvi.

Mada ilikuwa densiti, yaani tungamo la kitu kwa kila kipimo cha ujazo wake. Shule ile haikuwa na maabara, na vifaa vyote vilikuwa vya kuazima. Katika kipindi kilichotangulia nilikuwa nimeuliza iwapo mti huelea, na darasa zima likajibu kwamba huelea, kwani ni nani aliyekulia pwani asiyeujua mtumbwi wa mwembe? Ni kijana mmoja tu wa dawati la nyuma, mtoto wa mchongaji, aliyesema kwa sauti ya chini kwamba mpingo huzama. Wenzake walimcheka. Sikutaka kumaliza ubishi ule kwa maneno, kwa hiyo nilimwomba amsihi baba yake aturandie vipande viwili, kimoja cha mpingo na kingine cha mwembe, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 10, upana wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 4.

Vilipofika, tulianza na mizani ya duka na mawe yake, kabla ya maji. Huwa nasisitiza mpangilio huo, kwa sababu mwanafunzi akishaona kitu kimezama hujiona amekwisha kujua na haoni tena haja ya kushika rula. Ujazo wa kila kipande ulikuwa sentimita za ujazo 200. Mwembe ulizidi gramu 100 kwa kiasi kidogo, na mpingo ukasawazisha mizani kwa gramu 250. Wakagawanya: mpingo ukapata gramu 1.25 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali ya maji ni gramu 1. Kisha tukavitumbukiza kwenye dumu la maji ya kunywa ambalo nilikuwa nimelikata sehemu ya juu ili kila mtu aone ndani. Mwembe ukaelea. Mpingo ulishuka moja kwa moja ukagonga chini, na hakuna aliyecheka tena.

Ningeweza kuishia hapo, na mpango wangu wa somo ulikuwa unaishia hapo. Lakini binti mmoja alikumbusha kwamba yai lililozama kwenye maji ya kawaida huelea kwenye maji ya chumvi, jambo ambalo wengi wao walikwisha kuliona nyumbani, akauliza kwa nini tusiunyanyue mpingo kwa njia hiyohiyo. Chumvi kule haikuwa tatizo, maana mashamba yake yalikuwa karibu na ghafi iliuzwa kwa bei ndogo. Wakaleta kilo mbili, pamoja na yai na mwiko mkubwa kutoka jikoni, nasi tukaanza kukoroga katika lita 5 za maji.

Kilo ya kwanza haijaisha, yai likaanza kujiinua. Lilisimama kwa ncha, likayumba, kisha likapanda taratibu hadi sehemu yake ndogo ikajitokeza juu ya maji, na darasa likapiga makofi. Mpingo haukutikisika. Wakaongeza chumvi, wakapokezana mwiko, mikono ikawachoka, hadi chembe zikaanza kubaki chini bila kuyeyuka hata zikikorogwa vipi. Lita moja ya maji humeza takriban gramu 360 za chumvi na kuishia hapo, na maji yaliyoshiba namna hiyo hufikia densiti ya takriban 1.2. Mpingo wetu ulikuwa na 1.25. Nilikuwa nazifahamu namba hizo tangu mwanzo, lakini nilinyamaza, kwa kuwa niliona wanaelekea kuzikuta wenyewe.

Ndipo yule mtoto wa mchongaji alipoomba uzi. Alikifunga kipande katikati, akakinyanyua polepole kutoka chini ya dumu, na uso wake ukabadilika.

“Mwalimu, kimekuwa chepesi!”

Wakasogea wote. Kila aliyeushika uzi alihisi kitu kile kile: ndani ya maji ya chumvi kipande hakivuti karibu chochote, na ukikiachia hushuka kwa uvivu, lakini mara tu kinapotoka juu ya maji uzi hukaza ghafla na kuminya kidole. Tukakifuta vizuri, tukakirudisha kwenye mizani. Gramu 250 zilezile. Kijana aliitazama mizani, akalitazama dumu, kisha akauliza:

“Sasa mle ndani ni nani aliyekuwa amekibeba?”

Nimefundisha kanuni ya Archimedes kwa miaka mingi, nikiiandika ubaoni kama ilivyo vitabuni, kwamba kani eleza, yaani ile inayokisukuma kitu juu ndani ya kimiminika, ni sawa na uzito wa kimiminika kilichohamishwa. Sikumbuki mwanafunzi mwingine aliyeihitaji kiasi kile kabla ya kuiandika. Tuliikokotoa pamoja: sentimita za ujazo 200 za maji yale ya chumvi zina tungamo la gramu 240, hivyo maji yalikuwa yamebeba gramu 240 na kuuachia uzi gramu 10 tu.

Mengine yalikwenda haraka. Kengele ililia, vipindi vyetu viwili vya siku ile vikawa vimekwisha. Wiki iliyofuata kijana alikuja na asali kidogo, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba densiti yake ni takriban 1.4, na kijiti cha mpingo tulichokididimiza ndani yake kilirudi juu.

Mwalimu mwenzangu aliniambia wakati ule kwamba muhtasari wa somo ni mrefu, kwamba mtihani utauliza fomula na wala hautauliza nani amembeba nani, na kwamba nikienda kwa mwendo ule mwaka utakwisha nikiwa na mada kadhaa mkononi. Hakuwa amekosea, na mwaka ule kweli nililazimika kuzikimbiza mada za mwisho, nikiwasomea wanafunzi maelezo ambayo hawakupata nafasi ya kuyagusa kwa mikono. Wapo waliohitaji mada zile kuliko densiti. Bado sijui namna ya kuwapa wote haki yao ndani ya ratiba moja, ingawa sioni ni dakika ipi ya siku ile ya chumvi ambayo ningekubali kuipunguza.