St. Moritz kwa Tiketi ya Kawaida

Anayetaka kulala St. Moritz aanze na kalenda, hoteli baadaye. Mji huu wa Uswisi, ulioko mita 1,822 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro, una misimu miwili tu ya uhai. Kwanza kuna majira ya baridi, ambayo Krismasi hadi Mwaka Mpya, na Februari nzima, huwa zamu ya wenye fedha: ziwa limeganda, na juu ya barafu yake hufanyika mbio za farasi zilizoanza mwaka 1907. Bei za vyumba wakati huo hazishikiki. Kisha kuna majira ya joto, kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba. Katikati ya misimu hiyo hoteli nyingi hufungwa, na magari ya kamba yaendayo milimani husimama kwa matengenezo. Vyumba vya Mei vinavyoonekana nafuu mtandaoni ndivyo vile vya rahisi inayovunja upishi: unalipa kidogo, unafika, mji umelala.

Mimi nilichagua mwisho wa Juni. Njia za miguu zimetoka kwenye theluji, mwanga unakaa hadi saa tatu usiku, na jaketi moja la kuzuia upepo linatosha. Lisiachwe nyumbani, maana mchana upepo wa Maloja hushuka bondeni hata jua likiwaka.

Viza ya Schengen huombwa mapema kabisa miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya safari iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi. Kwa kuwa ubalozi unataka kuona mahali pa kulala, weka nafasi katika hoteli inayokubali kufutiwa bila faini, na usilipe chochote kisichorudishwa mpaka viza iwe mkononi.

Sikulala St. Moritz kwenyewe. Hoteli ya kifahari ya Badrutt's Palace, iliyofunguliwa mwaka 1896, inapendeza kuitazama kutoka barabarani, na kutazama ni bure. Nililala Pontresina, mwendo wa kama dakika kumi kwa treni, katika hosteli iliyo jirani na stesheni. Hata huko kuna jambo linalowakera wageni wengi: kodi ya mgeni, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi haimo katika bei uliyoiona ulipoweka nafasi. Waulize kabla. Kahawa na kipande cha keki ya jozi hukata mfuko vibaya, kwa hiyo mkate, jibini na matunda nilinunua dukani. Maji sikuyanunua hata siku moja. Ya mabomba na ya chemchemi za mitaani yananyweka na ni baridi kweli.

Sasa treni, maana hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Kutoka Zürich unashuka Chur, unapanda treni nyekundu ya njia ya Albula, saa mbili hivi. Kaa upande wa kulia, utaliona daraja la Landwasser lenye kimo cha mita 65 kabla treni haijaingia moja kwa moja kwenye jabali. Tiketi za punguzo zinazonunuliwa mapema hufungwa kwa treni moja tu; ndege ikichelewa, tiketi imekufa. Anayetua siku hiyohiyo anunue ya kawaida.

Kutoka St. Moritz hadi Tirano, Italia, kuna kilomita 61 za njia ya Bernina, iliyokamilika mwaka 1910. Kila wakala atakuuzia Bernina Express, yenye vioo hadi darini, ambayo juu ya nauli inadai ada ya kiti. Treni ya kawaida inapita reli ileile, kwa nauli ileile, bila ada hiyo. Tena baadhi ya mabehewa yake yanayokokotwa nyuma yana madirisha yanayoshushwa, na picha hutoka safi bila kivuli cha kioo. Hapa pia kaa kulia. Mto wa barafu wa Morteratsch utapita upande wako, kisha ziwa Lago Bianco, lililopauka kwa maji ya barafu. Kilele cha reli ni Ospizio Bernina, mita 2,253. Kutoka hapo treni huteremka hadi mita 429 bila reli ya meno (ile ya kati inayong'atwa na gurudumu lenye meno ili treni isiteleze), kwa mteremko unaofika asilimia saba, huku magurudumu yakilia kwenye kila kona.

Nikiwa dirishani niliiwaza reli yetu ya Tanga hadi Moshi, ya zama hizohizo. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20. Ukitoka Korogwe una Usambara na Upare mkono wa kulia, na Kilimanjaro mbele. Natamani abiria wetu waambiwe upande wa kukaa, na ratiba ibandikwe mahali inaposomeka. Mandhari tunayo tayari.

Kuhusu umeme: soketi za Uswisi zimezama ukutani. Adapta nene ya mviringo inayotumika Ujerumani haiingii. Tafuta nyembamba ya pini mbili, au ya Uswisi yenye tatu.

Tirano hulipwa euro, na chakula cha mchana ni nafuu kuliko ng'ambo ya mpaka. Pasipoti iwe mfukoni. Stesheni ziko mbili, zimepakana: moja ya treni nyekundu, nyingine ya treni za Milano. Tiketi yako ya kurudi inafanya kazi kwenye ile nyekundu tu.