Mboji ya kinamasi, wiki ya saba: nimefuta mstari niliouchora

Natafuta kiasi cha kaboni kinachohifadhiwa kila mwaka kwenye mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza kabisa. Jumamosi nilimaliza kuchoma sampuli za nguzo ya kwanza ya udongo, ile niliyoitoa kwa keekee kwenye kinamasi cha mafunjo bondeni, chini ya shamba la babu huku Kagera. Kila kipande nilikikausha kwa nyuzi 105, nikakipima, kisha kikakaa saa nne tanurini kwa nyuzi 550. Kinachoungua ni mabaki ya mimea, na karibu nusu yake ni kaboni. Kinachobaki ni jivu.

Kwenye sentimita 90 jivu liliongezeka ghafla. Nikarudi kuangalia kipande chenyewe: cheusi, kinavunjikavunjika, nyuzi za mafunjo hazionekani kabisa, ilhali juu yake na chini yake zinaonekana wazi. Babu alikisugua kwa vidole akasema, "Mjukuu wangu, udongo huu umewahi kukaa juani."

Kauli hiyo iliniharibia hesabu. Umri wa mboji niliokwisha kuupata ni mmoja tu, wa tabaka la chini kabisa, nami nilikuwa nimevuta mstari ulionyooka wa umri na kina kutoka hapo hadi juu, kana kwamba mboji imekuwa ikiongezeka sawasawa kila mwaka. Nilipaswa kukumbuka Bonde la Kongo. Mboji yake ya katikati ina takriban tani bilioni 30 za kaboni. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kati ya miaka 5,000 na 2,000 hivi iliyopita hali ya hewa ilikauka, maji yakashuka, na mboji iliyobaki wazi ikaoza. Ikaoza hata ile ya zamani zaidi, hadi ya miaka 7,500 iliyopita. Kwa hiyo sentimita chache pale zinabeba maelfu ya miaka. Kama kwangu ni hivyo, basi kiwango cha kaboni kwa mwaka nilichokokotoa hakifai kitu.

Nina fedha za vipimo vitatu vya kaboni 14, kaboni yenye mnururisho inayopungua polepole kiumbe kikifa na hivyo kuonyesha umri wake. Viwili nitaviweka juu tu na chini tu ya tabaka hilo jeusi, cha tatu kwenye sentimita 40. Kuchagua cha kupima ndiyo kazi ngumu. Mizizi ya mafunjo hupenya chini na kupeleka kaboni changa kwenye tabaka kuukuu, kwa hiyo naichambua yote kwa kibano chini ya lenzi na kubakiza mbegu na vipande vya majani. Usiku mzima nimepata mbegu 11.

Majibu yakija yatahitaji kurekebishwa, maana kiasi cha kaboni 14 angani hakijawahi kuwa kilekile karne zote. Hapa karibu na ikweta hewa ya kaskazini na ya kusini huchanganyika, kwa hiyo nitatumia majedwali ya marekebisho ya pande zote mbili za dunia nione tofauti.

Kesho alfajiri nashuka tena bondeni. Nguzo ya pili nitaitoa hatua hamsini kutoka ya kwanza, nijue kama tabaka jeusi limefika na huko.