Babu wa Keya: nilipofika kumfuatilia hadi sasa

Swali ni moja. Babu mzaa baba, aliyekwenda vita vya Hitla akiwa askari wa Keya (King's African Rifles, kwa kifupi KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), alikuwa batalioni ipi, na alipita wapi? Hakuwa sajini wala koplo. Alibeba bunduki, akarudi Ngamiani mzima, akafanya kazi yake mpaka mauti yalipomchukua. Askari wa namna hiyo ni mgumu kumfuatilia kuliko aliyefia vitani, na hilo ndilo limeuongoza mradi wangu wote.

Hapa Tanga ukitaja vita, watu wanakupeleka Raskazone: Novemba 1914, majeshi ya Kihindi ya Mwingereza yakishuka pwani, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akileta askari wake kwa reli kutoka Moshi, na nyuki waliowavamia wapiganaji. Ni historia kubwa na naipenda. Lakini vijana wa Tanga, Muheza na Pangani walioondoka miaka ya 1940 nao walikuwa wa hapa hapa, na wajukuu wao tupo.

Kabla ya Ramadhani

Baba mkubwa alinifungulia kasha, akanitolea nyota mbili, yaani nishani za vita. Tepe zake zimeoza zote. Nyota za vita ile zina umbo moja, pembe sita, rangi ya shaba ya njano, kwa hiyo utepe ukipotea unasoma maandishi yanayozunguka herufi za Mfalme George wa Sita pale katikati. Moja ni ya Africa, ya pili ni ya Burma, yaani Myanmar ya leo. Nyuma hamna kitu, maana Waingereza hawakuchonga majina kwenye nyota hizo, hata za wanajeshi wao wenyewe. Mtu akiiuza leo, kesho haijulikani ilikuwa ya nani. Wenye nazo wazifungie pamoja na karatasi yenye jina la mwenyewe.

Picha ndiyo iliyonisogeza. Amevaa ile kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, na begani kuna kichwa cha kifaru. Kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kisha ikaingia Burma mwaka 1944. Ilikuwa na brigedi tatu zenye batalioni tatu kila moja, na katika hizo tisa, za Tanganyika ni KAR 26 na KAR 36. Kwa hiyo nilibakiwa na mbili.

Baada ya Idi

Shangazi alikumbuka jina la kijana wa Muheza aliyejiandikisha siku moja na babu na ambaye, kwa maneno ya babu, "alibaki Bama", yaani Burma. Ndipo nilipogeukia waliokufa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari kwenye intaneti, bure kabisa: jina, namba ya askari, batalioni, tarehe ya kufa, na mahali alipozikwa au jina lake lilipoandikwa. Shida ni tahajia. Karani aliandika alivyosikia, kwa hiyo tafuta R ukitafuta na L, S kwa SH, jina la baba likitangulia la mwana.

Alikuwamo. KAR 36, Novemba 1944. Jina limechongwa kwenye mnara wa Rangoon ulioko Taukkyan, wanapokumbukwa wasio na kaburi linalojulikana. Nililitazama jina lile muda mrefu sana. Mimi na shangazi tukaenda Muheza kuwapelekea watu wake. Kumbe miaka yote hiyo hawakujua kwamba ndugu yao ameandikwa mahali popote. Mzee wao mmoja aliomba nimsomee tena, polepole, kisha ikasomwa dua. Hata kama nisingepata kingine chochote, safari ile ilitosha.

KAR 36 ilikuwa Brigedi ya 26, na babu alikuwa pamoja na mwenzake huyo mpaka mwisho, kwa hiyo njia sasa inasomeka. Kutoka mji wa Tamu, huko Burma, walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua, matope yakimeza magari, malaria ikiangusha watu kuliko risasi, chakula kikidondoshwa na ndege. Divisheni ikaitwaa Kalewa tarehe 2 Desemba 1944, na siku chache baadaye likakamilika daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyounganishwa, juu ya mto Chindwin, futi 1,154, kama mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Baba alikuwa akitusimulia "daraja la chuma lililokaa juu ya maboti" na sisi watoto tukidhani ni hadithi tu. Lilikuwa hilo.

Wiki hii

Sasa ni zamu ya Habeshi (Ethiopia) na Bukini (Madagaska), ambako babu anasemwa pia alifika. Batalioni ya 1/6 ya Tanganyika ilipigana Colito, Habeshi, Mei 1941, ambako Sajini Nigel Leakey alipata Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Ndiyo maana kambi ya Lugalo, Dar es Salaam, zamani iliitwa Colito. Batalioni hiyo hiyo ikapelekwa Madagaska mwaka 1942. Kama babu alikuwa nayo, basi alihamishiwa KAR 36 baadaye, na nyota ya Africa inakubaliana na safari ya Habeshi.

Kitakachoamua ni namba yake ya askari. Walioandikishwa siku moja mara nyingi walipewa namba zilizofuatana, na ya mwenzake ninayo. Jumamosi nakwenda Pangani kwa binamu zake baba, wenye sanduku la makaratasi ya zamani. Na wewe kama nyumbani kwenu kuna cheti cha Keya cha mtu wa Tanga, hasa wa KAR 36, niandikie namba yake na mwaka alioandikishwa.